Nyasi Zenye Meno: Ugomvi Kumi na Mmoja Ulioifinyanga Kanada

Kanada ina sifa ya nchi ya wapole. Mkanyage Mkanada mguu, husemwa, naye ndiye atakayekuomba radhi. Usidanganyike. Nchi ile imejengwa kwa ugomvi tangu msingi hadi paa, na ugomvi wenyewe haujaisha; umehamishiwa tu mahakamani, bungeni na kwenye vibao vya barabarani.

Kawaida hadithi yake husimuliwa kama ya mafahali wawili, Mfaransa na Mwingereza, halafu msimulizi hufika mahali akatikisa kichwa kwa huruma na kuwataja wenyeji: nyasi, maskini, zikaumia. Methali nzuri, mahali pabaya. Nyasi za Kanada zilikuwa na majeshi, mabalozi na mikataba, na kwa zaidi ya miaka 150 fahali asiyekubaliana nazo alilala na njaa. Hata baada ya kufyekwa na kuchomwa, kila mara mafahali walipokaa kuyamaliza mambo wao wawili, ziliota tena katikati ya meza.

Basi nimeupanga ugomvi huo kuanzia mdogo hadi mkubwa. Uko kumi na mmoja kwa sababu kumi haukutosha. Mpangilio ni wangu, na asiyeridhika akate rufaa. Wakanada wenyewe ndivyo wafanyavyo.

11. Kibao chekundu cha pembe nane

Ukiendesha gari Ufaransa, kibao kinakuamuru STOP. Ukiendesha Quebec, kinakuamuru ARRÊT. Mfaransa wa Ufaransa anasimama kwa Kiingereza na wala haumwi popote. Binamu yake wa Kanada akisimama kwa Kiingereza hulala na homa. Sheria namba 101 ya mwaka 1977 ilikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, ya biashara, ya mabango na ya shule. Mwaka 2013 wakaguzi wa lugha waliukaripia mgahawa mmoja wa Kiitaliano mjini Montreal kwa kuandika "pasta" kwenye orodha ya vyakula. Dunia ikacheka, na mkuu wa ofisi hiyo ya lugha akaachia kiti. Mkenya anayehamia Montreal na familia yake huionja sheria hiyo mapema: mtoto anapelekwa shule ya Kifaransa, na jirani yake Mkongo wa Bukavu, aliyekuja na Kifaransa chake mfukoni, anamtazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kufaulu.

Na wenyeji? Mwaka 2021 Kanada ilipata Gavana Mkuu wa kwanza kutoka kwao, Mary Simon, Mwinuit aliyezaliwa kaskazini mwa Quebec. Anazungumza Kiinuktitut na Kiingereza. Malalamiko zaidi ya elfu moja yakamiminika kwa Kamishna wa Lugha Rasmi: mama huyu hajui Kifaransa! Alieleza kwamba shule ya serikali aliyosomea utotoni haikumpa nafasi ya kujifunza. Lugha iliyowatangulia wote wawili haikumpa hata alama ya ushiriki.

10. Mchezo ulioharibika

Machi 1955. Maurice Richard, nyota wa hoki wa Montreal Canadiens na fahari ya kila nyumba ya Mfaransa, anampiga mwamuzi msaidizi katika rabsha uwanjani Boston. Rais wa ligi, Clarence Campbell, Mkanada wa upande wa Kiingereza, anamfungia mechi zote zilizobaki pamoja na za mtoano. Hadi hapo ni nidhamu. Lakini usiku wa tarehe 17 Campbell akaamua kwenda mwenyewe uwanjani Montreal kutazama mechi. Bwana mkubwa, ungesikiliza redio!

Akapigwa nyanya na mayai, bomu la machozi likalipuka, umati ukamwagika mtaa wa Sainte-Catherine na kuvunja madirisha ya maduka. Kesho yake Richard alisihi redioni watu watulie, wakatulia. Wanahistoria wengi wanaona usiku ule kama ngurumo ya kwanza ya mabadiliko yaliyoikumba Quebec miaka ya 1960. Simba na Yanga wametuletea mengi, ila mapinduzi bado.

9. Almasi za Cartier

Julai 1534 Jacques Cartier alisimamisha msalaba mrefu huko Gaspé, wenye ngao ya mfalme wa Ufaransa. Donnacona, kiongozi wa watu wa Stadacona, akaja kwa mtumbwi hadi kwenye meli kulalamika: ardhi yote hii ni yetu, na hukuomba ruhusa. Cartier akamweleza kwa ishara kwamba ule ni mlingoti tu wa kuwaonyesha mabaharia njia. Kisha akaondoka na vijana wawili wa mzee huyo, Domagaya na Taignoagny, kwenda kuwaonyesha Ufaransa.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Cartier aliigeuza. Alirudi na vijana wale mwaka 1535, na katika baridi ile kiseyeye kiliwaangukia Wafaransa. 25 kati ya watu 110 walikufa. Domagaya ndiye aliyewaonyesha mti wa kuchemsha majani na magome yake. Walikunywa, wakainuka. Shukrani ikafuata majira ya kuchipua: Cartier akamteka Donnacona mwenyewe na wenzake kadhaa, safari hadi Ufaransa. Mgeni akapona, mwenyeji akafia ugenini. Mwaka 1541 Cartier aliporudi na kuulizwa, alikiri kwamba mzee amefariki, ila wengine, alisema, wameoa, wamekuwa mabwana na hawataki kurudi. Ukweli ni kwamba karibu wote walikuwa wamekufa.

Safari hiyo aliwapelekea wafadhili wake mapipa ya dhahabu na almasi. Zikapimwa. Mawe ya kung'aa tu! Wafaransa wakatunga msemo kuhusu kitu cha uongo kama almasi za Kanada, na genge la mwamba mjini Quebec linaitwa Cap Diamant hadi leo. Aibu nayo ikidumu sana huwa kivutio cha watalii.

8. Wapiga makasia wa Nile

Mliodhani Afrika haimo, shikeni makasia. Mwaka 1884 Jenerali Gordon alizingirwa Khartoum na jeshi la Mahdi. Garnet Wolseley, aliyepewa kazi ya kumwokoa, akakumbuka kwamba mwaka 1870 alipokwenda Red River kumfurusha Louis Riel (huyu tutakutana naye chini kabisa), alivushwa na waendesha mitumbwi wa Kanada. Akawaagiza waje kupandisha mashua kwenye maporomoko ya Nile. Wakaja karibu 400: wenyeji Wamohawk wa Kahnawake, Wafaransa wa Quebec, Wametis (wazao wa Wafaransa na wenyeji) wa Manitoba na Waingereza wa bonde la Ottawa. Makundi yasiyoelewana nyumbani kwao yakaelewana vizuri sana juu ya mto wa watu wengine. Mmoja wao, Mmohawk Louis Jackson, aliandika hata kitabu kuhusu safari hiyo.

Gordon aliuawa tarehe 26 Januari 1885, siku mbili kabla ya msaada kufika. Mwezi Machi, Riel akaunda serikali yake Saskatchewan. Yaani himaya ile ile iliyomlipa Mmetis mshahara Sudan ilimpelekea ndugu yake bunduki ya Gatling huko nyumbani, mwaka ule ule.

7. Mzimamoto na kiberiti

Mwaka 1837 waliasi wote: Wafaransa wakiongozwa na Papineau upande wa chini wa mto St. Lawrence, na Waingereza wakiongozwa na Mackenzie upande wa juu. Walipokwisha kunyamazishwa, London ikamtuma Lord Durham kuchunguza. Alikaa miezi mitano, akaandika mwaka 1839 kwamba alitarajia kukuta ugomvi wa serikali na wananchi, badala yake akakuta mataifa mawili yanapigana ndani ya dola moja. Mawili. Mjumbe huyo msomi alivuka nchi ya Waalgonquin, Wahuron na Wamohawk na hesabu yake ikaishia mbili. Dawa aliyoiandika ni kuwameza Wafaransa ndani ya Waingereza, maana hawana historia wala fasihi.

Kijana mmoja wa Quebec, François-Xavier Garneau, aliyesomea uwakili wa mikataba, akayachukua maneno hayo kama changamoto, na kuanzia 1845 akaanza kuchapisha historia ya Kanada, juzuu baada ya juzuu. Katika msitu wa siasa mtu hutukanwa akarusha jiwe. Garneau alirusha maktaba.

Majimbo mawili yakaunganishwa ili Mfaransa azame. Akaelea. Louis-Hippolyte La Fontaine, aliyefukuzwa kwa marungu kwenye uchaguzi wa kwao, aliingia bungeni kwa kura za Waingereza wa York, kwa mpango wa rafiki yake Robert Baldwin. Baldwin naye alipokosa kiti chake, akachaguliwa na Wafaransa wa Rimouski. Mwaka 1848 wawili hao wakaunda serikali, na mwaka uliofuata ikapitisha fidia kwa waliopoteza mali katika uasi. Gavana Elgin akaitia saini tarehe 25 Aprili 1849. Akarushiwa mayai. Usiku huo kundi la Waingereza, watiifu mno kwa Malkia, likalichoma moto Bunge la Malkia mjini Montreal, na mmoja wa vinara wake, Alfred Perry, alikuwa ofisa wa zimamoto. Sina la kuongeza hapo.

Bunge likabaki mkimbizi kati ya Toronto na Quebec hadi Malkia Victoria alipoamua, 1857, liende Ottawa, mji wa wapasua mbao ambao hakuna aliyeupenda kiasi cha kuugombania. Isipokuwa Waalgonquin, wenye ardhi hiyo, ambao hawajawahi kuisalimisha kwa mkataba wowote. Hawakuulizwa.

6. Kofia

Ukitaka kujua kwa nini Mwingereza alifika Hudson Bay, angalia vichwa vya mabwana wa London. Kofia zao zilitengenezwa kwa manyoya ya biva, mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa na meno ya kuangusha miti. Waliowajua biva walipo ni wenyeji, na waliofika kwao kwanza ni Wafaransa. Basi mnamo 1660 wafanyabiashara wawili Wafaransa, Radisson na Groseilliers, wakarudi kutoka ng'ambo ya maziwa makuu na mzigo mkubwa wa ngozi. Gavana wao, badala ya kuwapa mkono, akawatoza faini kwa kwenda bila kibali na kuwanyang'anya ngozi.

Wakaenda kwa Mwingereza. Mnamo tarehe 2 Mei 1670 Mfalme Charles II akatoa hati ya Kampuni ya Hudson's Bay, akimkabidhi binamu yake Rupert na wenzake nchi yote ambayo mito yake humwagika katika ghuba hiyo: karibu theluthi moja ya Kanada ya leo. Mfalme hakuwa ameiona. Wacree waliokuwa wakiishi humo hawakuwa wamemwona mfalme. Afrika Mashariki tunaujua mchezo huu. Kampuni ya Mackinnon ilipewa hati ya namna hiyo mwaka 1888. Mwaka 1870 nchi ya Rupert ikahamishiwa Kanada kwa pauni 300,000, fedha ikaenda kwa kampuni. Maduka ya mwisho ya kampuni hiyo yalifungwa Juni 2025. Biva bado wapo.

5. Nusu saa ya Abraham

Najua mtapiga kelele. Vitabu vya shule huiweka vita hii namba moja, mimi nimeitupa ya tano. Subirini kwanza.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Septemba 1759, Jenerali James Wolfe, mwenye umri wa miaka 32 na kikohozi kibaya, alipandisha askari zaidi ya 4,000 kwenye genge karibu na mji wa Quebec, hadi uwanda uliopewa jina la mkulima Abraham Martin. Marquis de Montcalm, badala ya kungoja nyuma ya kuta, akatoka mbio kuwakabili. Mapambano makali hayakufika nusu saa. Wolfe akafia uwanjani, Montcalm akafa alfajiri iliyofuata, mji ukajisalimisha siku tano baadaye. Waliowazuia Waingereza wasiwamalize Wafaransa waliokuwa wakirudi nyuma ni wanamgambo wa Kikanada na wapiganaji wenyeji waliokuwa wamejificha vichakani. Nyasi, tena.

Kinachosahaulika ni kwamba mchezo ulirudiwa. Aprili 1760 Wafaransa wakiongozwa na Lévis wakawapiga Waingereza hapo hapo jirani, Sainte-Foy, wakauzingira mji. Kisha majeshi yote mawili yakakaa yakitazama mto: meli ya kwanza ya mwaka itapeperusha bendera ya nani? Ikatokea mwezi Mei. Ya Mwingereza. Kwa hiyo hatima ya bara iliamuliwa na ratiba ya usafiri, na ndiyo sababu sioni haja ya kuipandisha nusu saa ile. Mwaka 1763, kwenye Mkataba wa Paris, Ufaransa iliiacha Kanada na kung'ang'ania kisiwa cha Guadeloupe, chenye sukari. Sukari ililipa kuliko theluji.

Mji wa Quebec una mnara mmoja wa Wolfe na Montcalm pamoja, uliojengwa miaka ya 1820, na maandishi yake ni ya Kilatini, ili asinune mtu. Mwaka 2009 kulikuwa na mpango wa kuigiza upya vita hiyo kuadhimisha miaka 250. Vitisho vikawa vingi, igizo likafutwa. Upande mmoja haukutaka kushindwa mara ya pili hata kwa maigizo.

4. Walipopatana

Hapa utani naupunguza. Kwa miaka mia tatu watu hawa waligombana juu ya dini, lugha, shule, manyoya na mayai. Kuna jambo moja waliloafikiana bila kelele: watoto wa wenyeji wachukuliwe kwao na wafundishwe kuacha kuwa wenyeji. Serikali ya Ottawa ilitoa fedha. Mapadri Wakatoliki, wengi wao wa Kifaransa, wakachukua shule zao, Waanglikana na Waprotestanti wengine wakachukua zao. Mwaka 1920 sheria ikalazimisha mahudhurio. Mtoto aliyezungumza lugha ya mama yake aliadhibiwa, iwe kwa Kifaransa au kwa Kiingereza.

Watoto kama 150,000 walipitia shule hizo. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, aliripoti vifo vya kutisha vya kifua kikuu. Ripoti yake ikawekwa pembeni, na baadaye naye. Shule ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990. Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni mwaka 2008, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015.

3. Kondiaronk na mpira uliorushwa ngomeni

Sasa tuzirudie nyasi zenyewe, zilipokuwa na meno yote. Mwaka 1609 Samuel de Champlain, akitaka urafiki wa Wahuron na Waalgonquin, aliwasindikiza vitani dhidi ya Wamohawk. Akafyatua bunduki, viongozi wakaanguka, na Ufaransa ikajipatia maadui kwa karibu karne nzima: Wahaudenosaunee, shirikisho la mataifa matano, ambao Wamohawk ni mmoja wao. Mwaka 1649 shirikisho hilo liliisambaratisha nchi ya Wahuron, ambayo ndui iliyokuja na wageni ilikuwa imekwisha kuinyang'anya takriban nusu ya watu wake.

Kiangazi cha 1701, wote wakiwa wamechoka, wajumbe wa mataifa karibu 40 walikusanyika Montreal. Nyota wa mkutano alikuwa Kondiaronk, kiongozi wa Wahuron, mtu ambaye hata Wafaransa waliokuwa wakimwogopa walifunga safari kumsikiliza. Alikuwa mahututi. Akaletewa kiti, akazungumza akiwa ameketi, na usiku ule ule akafa. Tarehe 4 Agosti mkataba ukatiwa saini kwa picha za wanyama na alama za kila taifa. Wahaudenosaunee wakaahidi kutoegemea upande wowote Mfaransa na Mwingereza wakipigana. Lakini wiki mbili hivi kabla, shirikisho hilo hilo lilikuwa Albany likitia saini hati nyingine na Mwingereza. Mahari kutoka nyumba mbili, bibi arusi kabaki kwao! Ulaya ilikuwa na wanadiplomasia wa kupiga magoti; hawa walikuwa wa kukaa kitako.

Mfaransa alipoondoka, Mwingereza Jeffery Amherst akadhani enzi za zawadi na maneno matamu zimekwisha, akazikata. Mwaka 1763 Pontiac, kiongozi wa Waodawa, akaizingira Detroit, na ngome zikaanza kuanguka moja baada ya moja. Tamu kuliko zote ni ile ya Michilimackinac, Juni 2. Waojibwe walicheza mchezo wao wa mpira na fimbo nje ya lango, askari wakatoka kushangilia, wanawake wamekaa pembeni wamejifunika mablanketi. Mpira "ukapotea" ndani ya ngome. Wachezaji wakaufuata, wakipokea silaha kutoka kwenye mablanketi. Mechi ikaisha. Amherst, kwa upande wake, aliandika barua kupendekeza wenyeji waambukizwe ndui, na huko Fort Pitt mablanketi ya wagonjwa yalikuwa yamekwisha kutolewa. Mwaka 2019 Montreal iliufuta mtaa wa jina lake, ukawa Atateken, jina la Kimohawk.

London ilielewa somo. Tangazo la Kifalme la tarehe 7 Oktoba 1763 lilisema ardhi ya wenyeji isinunuliwe na mtu binafsi yeyote ila Taji pekee, tena kwa mkutano wa hadhara. Walowezi waliteta, wengi wakalivunja. Lakini halikufutwa. Limetajwa kwa jina katika katiba ya Kanada ya mwaka 1982, na mawakili wa wenyeji wanaingia nalo mahakamani hadi leo. Ndiyo sababu nimemweka Pontiac juu ya Wolfe. Mmoja alipata mnara, mwingine alipata kifungu cha sheria.

2. Unyoya na mashimo tisa ya gofu

Katiba hiyo ya 1982 Quebec haikuikubali. Ukatungwa mkataba wa kuibembeleza, wa Meech Lake, uliohitaji kukubaliwa na majimbo yote kumi kabla ya tarehe 23 Juni 1990. Waziri mkuu na viongozi wa majimbo, wanaume watupu, walifungiana vyumbani kwa siku kadhaa wakishindana juu ya Quebec na wengine. Wakafurahi, wakapigwa picha. Manitoba ikabaki na kazi ndogo ya kuupitisha, ila muda ulikuwa umebana na kanuni zilitaka kila mbunge aafiki kuruka taratibu. Spika akauliza. Elijah Harper, mbunge Mcree, akiwa na unyoya wa tai mkononi, akasema hapana. Siku iliyofuata, hapana. Na iliyofuata. Mkataba ukafa; Harper aliukataa kwa sababu haukuwa na neno la maana juu ya wenyeji.

Kabla mwezi haujaisha vizuri, tarehe 11 Julai, polisi wa Quebec wakawavamia Wamohawk wa Kanehsatake. Kosa la Wamohawk? Kufunga njia ili mji wa Oka usipanue uwanja wa gofu, kutoka mashimo tisa hadi kumi na manane, juu ya misonobari na makaburi yao. Polisi mmoja, Marcel Lemay, akauawa, jeshi likaitwa, mambo yakadumu siku 78. Kwa mashimo tisa. Hayakuchimbwa.

Halafu 1995, kura ya maoni ya Quebec kujitenga. Waliokataa walipata asilimia 50.58, waliotaka 49.42, na nchi nzima haikulala usiku ule. Lakini siku sita kabla, Wacree wa kaskazini, ambao mito yao ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme ya James Bay, walipiga kura yao wenyewe. Asilimia 96 wakasema wao hawatoki Kanada. Wanaharakati wa kujitenga walikasirika: Quebec, walisema, haigawanyiki. Ottawa ilikuwa ikisema hivyo hivyo kuhusu Kanada.

1. Louis Riel

Huyu ni ugomvi wote kumi katika mwili mmoja. Mmetis, mzao wa Wafaransa na wenyeji, Mkatoliki, mzungumzaji wa Kifaransa aliyesoma seminari Montreal. Mwaka 1869 wapima ardhi walipoingia Red River kabla hata nchi ya Rupert haijakabidhiwa, yeye na wenzake wakawasimamisha, wakachukua ngome, wakaunda serikali ya muda na kujadiliana na Ottawa. Matokeo yake ni jimbo la Manitoba, 1870, lenye lugha mbili rasmi na ahadi ya ardhi kwa watoto wa Wametis. Lakini serikali yake ilikuwa imempiga risasi Mprotestanti mmoja mbishi, Thomas Scott, na Ontario ikataka kichwa cha Riel. Wolseley akaja na mitumbwi yake. Riel akakimbia.

Wapiga kura wa Manitoba wakamchagua mbunge mara tatu akiwa mafichoni. Mwaka 1874 alinyemelea hadi ndani ya Bunge Ottawa, akatia saini kitabu cha wabunge, akatoweka kabla karani hajasoma jina vizuri. Baadaye alikaa hospitali za wagonjwa wa akili, akajiona nabii, kisha akawa mwalimu Montana, na huko ndiko Gabriel Dumont alikomfuata kwa farasi mwaka 1884: rudi, wanatupora tena. Akarudi. Mei 1885, Batoche, wakashindwa na jeshi lililoletwa na reli.

Kesi ilisikilizwa Regina mbele ya wazee sita wa baraza, wote Waprotestanti wa Kiingereza. Mawakili wakataka kumtetea kuwa ni mwendawazimu. Yeye akasimama kuthibitisha kwamba ana akili timamu. Akafaulu, kwa bahati mbaya. Wazee wakamwona na hatia wakiomba ahurumiwe. Waziri Mkuu John A. Macdonald husemekana kujibu kwamba atanyongwa hata kama mbwa wote wa Quebec watabweka. Alinyongwa tarehe 16 Novemba 1885. Wakabweka: maelfu walijaa uwanja wa Champ de Mars mjini Montreal, na Honoré Mercier akapanda kwenye hasira hiyo hadi kuwa waziri mkuu wa Quebec. Siku kumi na moja baada ya Riel, wenyeji wanane walinyongwa pamoja Battleford. Kwa hao Champ de Mars haikujaa.

Mwaka 1890 Manitoba ikaifuta lugha ya Kifaransa, kama vile mkataba wa Riel haukuwapo. Ikapita miaka themanini na zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 Georges Forest, wakala wa bima wa St. Boniface, alipewa karatasi ya faini ya kuegesha gari, dola tano, iliyoandikwa kwa Kiingereza tu. Angeweza kulipa akaenda zake. Akaenda mahakamani, akapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1979 majaji wakamwambia: una haki, sheria ya 1890 ni batili. Mwaka 1985, karne moja baada ya kitanzi cha Regina, mahakama hiyo ikatoa uamuzi uliobaki. Sheria zote za Manitoba zilizotungwa kwa Kiingereza peke yake tangu 1890 hazikuwa halali, na zilivumiliwa tu kwa muda ili serikali ipate kuzitafsiri. Wafasiri wakaajiriwa, wakakaa chini na rundo la karatasi la miaka tisini na mitano: sheria za mifugo, za madaraja, za mirathi, za vileo. Na za maegesho.